Uzoefu wangu na trace ya Racket: kosa la 21,000 kwenye hesabu za kikoba

Mweka hazina wetu alifunga daftari, akanitazama juu ya miwani: "Mwanangu, hii programu yako ina ndugu humu ndani?" Mkeka mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa kikao cha Jumamosi jioni, Ngamiani hapa Tanga, na programu ni yangu mimi niliyejitolea kuhesabu mikopo ya kikoba bure.

Hesabu za wanachama wote zililingana na daftari, isipokuwa za mama mmoja. Alikopa 300,000 kwa riba ya 10% kila mwezi juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza hakuleta kitu, wa pili akaleta 50,000, wa tatu 100,000. Daftari linamdai 244,300, programu yangu inamdai 223,300. Tofauti ni 21,000, na yote imeangukia upande wa mkopaji, ndiyo maana ya swali la ndugu.

Programu nimeiandika kwa Racket, lugha ya kuandikia programu, kizazi cha lugha ya Scheme iliyoanzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1975 (Racket yenyewe hadi 2010 ilikuwa ikiitwa PLT Scheme). Niliichagua kwa sababu moja tu. Riba ukiiandika 11/10 (deni lenyewe pamoja na sehemu yake ya kumi), inabaki sehemu kamili, haigeuzwi desimali, kwa hiyo hakuna senti zinazopotelea hewani. Kwa pesa za watu hilo ni jambo kubwa. Basi nilikuwa na uhakika kosa haliko kwenye kuzidisha.

Zamani kosa likitokea nilikuwa napachika `displayln`, amri ya kuchapa ujumbe, kila kona. Katika lugha za namna hii ni karaha, maana mwili wa fanksheni (kipande cha programu kinachopokea vitu na kurudisha jibu) mara nyingi ni usemi mmoja tu. Ukitaka kuchapa kitu katikati lazima uzungushie `begin`, neno la kuunganisha hatua kadhaa, mabano yanaongezeka, na mwishowe unasahau kuondoa. Mimi nilisahau moja, ikachapa NIPO HAPA kwenye stakabadhi ya mama mmoja. Akaniuliza, "Upo wapi?"

Safari hii nilitumia `trace`, chombo cha Racket cha kufuatilia fanksheni inavyoitwa. Niliongeza mistari miwili: `(require racket/trace)` juu ya faili, na `(trace salio)` chini ya `salio`, fanksheni yangu ya kuhesabu deni lililobaki. Ndani ya `salio` sikugusa hata herufi. Nikaiita kwa mkopo wa yule mama, ikatoka hivi:

>(salio 300000 '(100000 50000 0))
>(salio 230000 '(50000 0))
>(salio 203000 '(0))
>(salio 223300 '())
<223300

Mshale wa kulia ni fanksheni inapoitwa, na vitu ilivyopewa: deni, kisha orodha ya marejesho yaliyobaki kuhesabiwa. Wa kushoto ni jibu inaporudi. Nilikuwa bado nakodoa macho kwenye ile 230000 wakati mweka hazina, aliyekuwa amesogea nyuma yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Mbona umeanza na laki? Mwezi wa kwanza hakuleta kitu."

Hapo nikaona. Kila rejesho linapoingia, naliweka kwenye orodha kwa `cons`, na `cons` huweka mbele. Ni kama sahani za shughuli, iliyooshwa mwisho ndiyo inayochukuliwa kwanza. Programu ilikuwa inahesabu miezi kinyumenyume! Yule mama akaonekana kalipa laki mwezi wa kwanza, riba yake ikapungua tangu mwanzo. Wenzake wanaoleta kiasi kilekile kila mwezi ukiwageuza hubadilishi kitu, ndiyo maana kosa lilikaa kimya muda wote huo. Dawa ilikuwa `reverse` moja, ya kugeuza orodha, kabla ya kuita.

Kinachonifurahisha ni kwamba mweka hazina hajui hata alama moja ya Racket, lakini alisoma ile mistari kama anavyosoma daftari. Sidhani ni bahati. Fanksheni ikiandikwa bila kugusa vitu vya nje, habari yake yote ni kilichoingia na kilichotoka, na `trace` inaonyesha hivyo viwili. Programu inayobadilisha vigezo vya nje huku na huko, mistari hii ingekuonyesha nusu ya habari na nusu nyingine uitafute mwenyewe.

Mpangilio wake nao unasema kitu. Hapo juu mistari imesimama wima kwa sababu `salio` inajiita kama kitendo chake cha mwisho, haiachi kazi nyuma. Fanksheni yangu ya kujumlisha hisa, ambayo inangoja jibu la ndani ndipo iongeze, ilitoka kama ngazi. Kila mwito unaingia ndani zaidi, na ukifika ngazi ya kumi inakuwekea namba [10] badala ya kurundika mishale. Kwa macho tu unajua ipi inarundika kazi.

Nyota ninazoipa `trace` ni nne kati ya tano. Ya tano imeanguka kwa sababu zifuatazo. Nilijaribu kuweka `(trace salio)` kwenye faili kuu, wakati `salio` imeagizwa kutoka faili jingine, nikakataliwa. `trace` inabadilisha jina lile lishike fanksheni mpya, na Racket haikuruhusu kubadilisha kitu ulichoagiza kutoka kwingine. Lazima uende kwenye faili lake. Tena, maandishi yake yanatoka mlango uleule wa matokeo ya kawaida, kwa hiyo usipotumia `current-trace-notify` kuyaelekeza pengine, tunarudi kulekule kwa NIPO HAPA. Na usifuatilie wanachama wote kwa mkupuo. Mimi nilifanya hivyo, kioo kikakimbia kama basi la Dar. Chukua mkopo mmoja wenye utata, tena mfupi.

Rafiki yangu anayeandika Haskell, lugha nyingine ya programu, anasema kwao mambo ni magumu zaidi. Lugha ile haihesabu kitu mpaka jibu lake litakiwe, hivyo ujumbe wa `Debug.Trace`, chombo chao cha kufuatilia, unaweza kutoka kwa mpangilio usioutarajia, au usitoke kabisa. Hapo mimi namwachia mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilisoma salio jipya, 244,300. Mweka hazina akatikisa kichwa kukubali, akapiga mstari kwenye daftari. Mkopaji mwenyewe akavuta mtandio, akaniangalia kwa masikitiko. "Mwanangu, ile ya kwanza mbona ilikuwa nzuri tu?"