E85 kwenye Subaru WRX STI na gari la familia: uzoefu wangu Minnesota

Nianze na hukumu yangu. Kwa injini ya tabo (inayosukumiwa hewa ya ziada) iliyoandaliwa vizuri, E85, yaani mchanganyiko wa etanoli (pombe) na petroli, ndiyo mafuta bora utakayoyapata kwa bei ya kituo cha kawaida. Kwa gari la familia, E85 ni hesabu ya bei tu, na mara nyingi hesabu hiyo inakataa. Nimeitumia huku Minnesota, Marekani, kwenye magari mawili: Subaru WRX STI yenye injini ya EJ257, na Dodge Grand Caravan ya lita 3.6 ambayo ni ya fleksi tangu kiwandani, yaani inakubali petroli, E85, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili.

Usiiamini ile 85 iliyobandikwa kwenye pampu. Kiwango cha Marekani, ASTM D5798, kinaruhusu mafuta haya yawe na etanoli kati ya asilimia 51 na 83. Wakati wa baridi wauzaji huongeza petroli kwa makusudi, kwa sababu etanoli haitoi mvuke wa kutosha kwenye ubaridi na gari lingegoma kuwaka. Kwa hiyo pampu ileile inaweza kukupa 80 mwezi wa Julai na 60 mwezi wa Januari. Mtu aliyetyuni gari lake (aliyepanga upya kompyuta ya injini) kwa mafuta ya kiangazi na hana sensa ya etanoli, akijaza ya baridi anapata okteni (uwezo wa mafuta kutolipuka kabla ya wakati) pungufu huku taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, ikiwa imesogezwa mbele. Hapo ndipo injini nyingi zinapofia.

Kupima ni rahisi, na nashauri kila mtu apime hata kama ana sensa. Chukua silinda ya kupimia ya kioo ya ml 100. Tia maji hadi alama ya 20, kisha jaza E85 hadi 100. Ziba, tikisa vizuri, fungua taratibu kuachia mvuke, halafu iache itulie. Etanoli itaiacha petroli na kuyafuata maji, nawe utaona mstari ukitenganisha tabaka mbili. Soma tabaka la chini limefika wapi, toa 20, gawanya kwa 80. Likisimama kwenye 80, una 60 juu ya 80, yaani asilimia 75. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuambia kama uko kwenye 60 au 80. Fanyia nje, mbali na moto na swichi za umeme.

Nguvu inatoka wapi? Si kwamba etanoli ina nishati nyingi. Ina nishati pungufu, karibu theluthi mbili tu ya petroli kwa ujazo uleule. Faida yake ni mbili: okteni ya juu, na joto kubwa inalonyonya inapogeuka mvuke, zaidi ya mara mbili ya petroli kwa kila kilo. Hewa inayoingia kwenye silinda inapoa, mafuta hayalipuki kabla ya wakati, na fundi anaweza kuongeza presha ya tabo na kusogeza taimingi mbele bila injini kugonga. Kwa EJ257 hili ni jambo kubwa kuliko hata nguvu yenyewe. Pistoni zake za kiwandani zina udhaifu unaojulikana: kingo zinazoshika ringi huvunjika injini inapogonga chini ya presha. Kwenye petroli ya premium ya okteni 91, siku ya joto, gia ya nne, injini huanza kugonga na kompyuta hurudisha taimingi nyuma. Kwenye E75 (etanoli asilimia 75) kimya kabisa, na gari linavuta vilevile mchana na usiku. Utulivu huo ndio ulionifanya niipende.

Gharama yake iko kwenye mfumo wa mafuta. Petroli ya hapa, ambayo tayari ina etanoli asilimia 10, huhitaji takriban kilo 14.1 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. E85 huhitaji 9.8 tu. Maana yake, kwa hewa ileile, lazima usukume mafuta mengi zaidi, kati ya asilimia 30 na 40 kwa ujazo. Injekta (vinyunyizio vya mafuta) za kiwandani za STI, zenye takriban cc 565 kwa dakika, hazitoshi kwa gari lililoongezwa nguvu. Kwa nguvu za farasi 400 za injini, tafuta injekta za cc 1,000 au zaidi ili zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wao. Pampu nayo lazima ibadilishwe, na hakikisha imetengenezwa kwa ajili ya etanoli, kwa kuwa pampu ya petroli inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda kisha ikaliwa taratibu. Ukiwa na pampu kubwa kama Walbro 450, pitisha umeme wake kwenye rilei na waya mnene kutoka kwenye betri. Waya mwembamba wa kiwandani hushusha volti, pampu inapungua nguvu, na mafuta yanapungua wakati ule hasa tabo inapoyahitaji. Plagi weka za hatua moja ya baridi zaidi, pengo la mm 0.6 hadi 0.7. Pengo kubwa likikutana na presha kubwa, cheche inazimika na gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka.

Mabomba ya mpira wa zamani yakague au yabadilishe. Kwa vipande vipya nunua ya PTFE (plastiki ngumu isiyoliwa na kemikali), na sili za Viton (mpira unaostahimili mafuta). Aluminiamu isiyo na kinga na zinki havipendi etanoli yenye maji.

Kifaa kimoja ambacho sitakubali mtu akiruke ni sensa ya etanoli. Ile ya kampuni ya Continental iliyotumika kwenye magari ya General Motors (GM) inafanya kazi vizuri, na huwekwa kwenye bomba la kurudisha mafuta. Hutoa mawimbi ya Hz 50 kwa petroli tupu na Hz 150 kwa etanoli tupu, hivyo Hz 120 ni asilimia 70. Ikisoma juu ya 150, shuku maji au uchafu, na usilikimbize gari. Kompyuta ikishatyuniwa kufuata sensa, huhitaji tena kupiga hesabu kila unapojaza: unaweka chochote kilichopo na gari linajirekebisha. Ila baada ya kujaza, endesha kwa upole dakika kadhaa mpaka namba itulie, maana mafuta mapya huchukua muda kufika kwenye injekta.

Sasa matatizo. La kwanza ni filta. Etanoli huosha utando wa miaka mingi ndani ya tanki na mabomba, na wote unaishia kwenye filta. Badilisha filta baada ya matanki machache ya mwanzo, hata kama bado inaonekana nzima. Dalili ya filta iliyoziba ni presha ya mafuta kushuka kwenye raundi za juu huku kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa, gari likitulia bila shida yoyote. La pili ni utando mweusi unaonata kwenye ncha za injekta, hasa kwa gari linalokunywa E85 tupu. Mimi hupitisha tanki la premium lenye dawa ya kusafisha injekta mara kwa mara, na inasaidia. La tatu ni oili. Safari fupi kwenye baridi huingiza etanoli na maji kwenye oili. Ukichomoa kijiti na kusikia harufu kali ya spiriti, au ukaona rangi ya maziwa chini ya kifuniko, badilisha mapema. Kilomita 5,000 ni mwisho wangu.

Asubuhi za baridi kali, washa swichi mara mbili bila kupiga stata ili pampu ijenge presha, ndipo upige. Ikigoma, tatizo mara nyingi liko kwenye tyuni, mafuta ya kuwashia hayakuongezwa vya kutosha kwa joto hilo. Na gari likilala majira yote ya baridi, usiliache na E85. Endesha mpaka ikaribie kuisha, jaza petroli isiyo na etanoli, ambayo Minnesota inauzwa kama premium ya boti na magari ya kale, kisha zungusha injini mpaka sensa isome karibu na sifuri.

Kwa Caravan maelezo ni mafupi. Hakuna cha kubadilisha. Magari kadhaa ya fleksi hayana sensa, kompyuta hukisia etanoli kwa kutumia sensa ya oksijeni, kwa hiyo ukibadili mafuta jaza kiasi cha kutosha, si galoni mbili, kisha endesha maili 5 au zaidi kabla ya kulizima kwa muda mrefu. Ulaji hupanda: gari la kilomita 10 kwa lita hushuka hadi 7.5 hivi. Kanuni yangu: bei ya E85 isizidi asilimia 75 ya bei ya petroli. Petroli ikiwa dola 3.20, E85 inakulipa ikiwa chini ya 2.40. Ikizidi hapo, jaza petroli.

Mwenye Corolla au Camry isiyo ya fleksi atumie E10 (petroli yenye etanoli asilimia 10) bila wasiwasi. E15, inayouzwa kama Unleaded 88, shirika la mazingira la Marekani, EPA, linairuhusu kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea, lakini si kwa pikipiki, boti wala mashine za kukatia nyasi. E85 humo usiweke. Kompyuta itajaribu kuongeza mafuta mpaka ifike ukomo wake, kisha taa ya injini itawaka kwa msimbo wa hitilafu P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa.

Kwa wenye Forester na Impreza za tabo Nairobi na Dar es Salaam wanaofikiria kuchanganya wenyewe spiriti ya kupikia na petroli: msifanye hivyo. Unerekeshaji wa kawaida, yaani kutenga pombe kwa kuichemsha na kupoza mvuke wake, hauwezi kuvuka takriban asilimia 95 ya etanoli, kinachobaki ni maji, na kuyaondoa kunahitaji kichujio maalumu cha molekuli. Spiriti hiyo ikikutana na petroli, maji huweza kujitenga na kuzama chini ya tanki pamoja na etanoli, palepale pampu inapovutia. Injini itakunywa tabaka la maji na etanoli kwanza, kisha petroli iliyopoteza okteni. Ikiwa spiriti hiyo imeshaingia kwenye tanki, usiliwashe gari: toa tanki lote, badilisha filta, suuza mabomba kwa petroli safi, ndipo ujaze upya.