Vifaa vya kutembea msituni na mlimani kwa siku moja: Mombasa, anza kununua hiki

Ukiingia duka la vifaa vya michezo na kusema unaenda kupanda mlima, utaonyeshwa fimbo, kisu, begi kubwa na koti la bei. Mara nyingi maji hayatatajwa. Mimi napanga pesa kwa hatari: kile ambacho ukikikosa kitakuangusha mapema zaidi, hicho ndicho cha kununua kwanza. Kwa sisi tunaovuka Likoni kwenda Shimba Hills, au kupanda gari kwenda milima ya Kasigau na Vuria kule Taita, orodha haianzi na viatu.

Kwanza: chombo cha maji

Chukua njia ya maporomoko ya Sheldrick, ndani ya Shimba Hills. Unateremka kwanza, ukiwa na nguvu zako zote, na kurudi ndiko kupanda, jua likiwa utosini. Tena hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana mtu anayekimbia vizuri Mama Ngina jioni anaweza kushikwa na kizunguzungu pale. Mtu mzima abebe lita 3 kwa safari ya kutwa. Lita moja ni kilo moja, basi hakuna mzigo utakaokuwa mzito kuliko huo.

Usitegemee maji ya chupa za dukani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, hifadhi, misitu na fuo zinazolindwa na serikali. Nunua chombo chako, na mimi ningechagua hivi:

1. Chupa mbili za plastiki ngumu, za lita moja na nusu kila moja, zenye mdomo mpana. Ni nyepesi, mkono unaingia kusugua ndani, na unaona kwa macho maji yaliyobaki. Moja ikivuja, hujabaki mikono mitupu.

2. Chupa ya chuma yenye kuta mbili. Maji yanabaki baridi mpaka alasiri, na hilo ni faraja kubwa. Lakini ni nzito hata ikiwa tupu, kwa hiyo iwe ndogo, ya kuongezea zile za plastiki.

3. Mfuko wa maji wenye mrija, unaokaa ndani ya begi. Unakufanya unywe kidogo kidogo bila kusimama, jambo zuri sana. Shida ni ukungu: kwa unyevu wetu, mrija usipokaushwa vizuri huota weusi ndani. Ununue ikiwa unatembea kila mara na una subira ya kuusafisha.

Mtungi uliowahi kubeba mafuta au dawa usiuguse, hata ukioshwa vipi.

Jasho huondoka na chumvi pia. Madafu ni mazuri na yana potasiamu ya kutosha, ila sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo hayatoshi peke yake. Nunua duka la dawa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kurundika.

Pili: viatu

Hapa ndipo pesa nyingi zaidi ziende, na soko la Kongowea ndiko nitakakokutuma kwanza. Viatu vya mlimani vya mtumba vilivyotengenezwa vizuri vinapita vingi vipya vya bei sawa. Lakini vikague. Viatu vingi vya aina hii vina tabaka la povu la poliurethani kati ya soli na kiatu, na povu hilo huoza kwa unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa kamwe. Kwa nje kinang'aa. Ukifika nusu ya mlima, soli inabanduka yote. Bonyeza tabaka hilo kwa kucha ya kidole gumba, kisha kunja kiatu kwa nguvu. Likimeguka, likiacha unga au likionyesha nyufa, mrudishie muuzaji.

Usipopata cha mtumba kizuri, chaguo la pili ni raba za kukimbilia zenye meno marefu chini. Kwa Shimba Hills wakati wa kiangazi zinatosha kabisa. La tatu ni buti la ngozi la kawaida, ukilivaa nyumbani kwa majuma kadhaa kwanza. Gambuti huchubua, makubadhi hayashiki mteremko.

Pima viatu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa. Kidole kikubwa kisifike mbele, maana katika kuteremka ndicho kinachoumia.

Tatu: kurunzi

Kwetu jua likizama karibu saa kumi na mbili na nusu, giza halichelewi. Kurunzi ya kuvaa kichwani ndiyo bora, kwa kuwa mikono inabaki huru. Ya mkononi inafuata. Taa ya simu iwe ya mwisho, kwani simu unaihitaji kwa kupiga 999 au 112, kusoma ramani uliyopakua kabla ya kuondoka, na kulipia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ambacho hakipokelewi taslimu. Ongeza pawabanki na filimbi. Filimbi hupulizwa mara 6 kwa dakika moja, unatulia dakika moja, unaanza tena.

Mavazi

Jezi ya poliesta ya kuchezea mpira wa miguu hukauka haraka kuliko fulana ya pamba. Kwa Shimba Hills epuka rangi ya buluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o huzifuata, na wapo. Nguo za mabaka kama za jeshi ziache sokoni, zitakutia matatani na polisi. Ukienda Vuria, kilele kina zaidi ya mita 2,200. Kila mita 1,000 hupunguza joto nyuzi 6 hivi, kwa hiyo koti la mvua na sweta ni lazima hata kama Mombasa unatoka ukitokwa na jasho.

Huduma ya kwanza

Plasta, bandeji pana, dawa ya kuosha kidonda, na leso. Leso ni kombeo la mkono uliovunjika, ni kivuli, ni kamba. Mtu akiumwa na nyoka, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Mwondoe pete na viatu kabla ya uvimbe, mtulize asitembee kama inawezekana, na umpeleke hospitali upesi.

Begi

La shule lenye lita 20 hadi 25 linatosha. Angalia mishono ya mikanda tu.

Fimbo, kisu kikubwa na dira ya bei vinaweza kungoja. Shimba Hills kuna ndovu na maporomokoni unaenda na askari wa KWS, kwa hiyo pesa ulizookoa ziwekee chakula na nauli ya kurudi mapema, feri haijajaa.