Boxer 150 mpya: nilivyoilainisha injini yake hapa Tanga

Nimenunua pikipiki mpya, Boxer BM 150, kwa kazi ya kupeleka samaki Pongwe na Muheza, na nimeipenda sana. Ila naamini uzuri wake wa sasa umetokana na jinsi nilivyoilainisha injini mwanzoni, yaani kuizoesha kazi taratibu ikiwa bado mpya, kwa hiyo nitazungumzia hilo zaidi.

Dukani niliambiwa tu "nenda nayo polepole", na kitabu cha maelekezo sikupewa mpaka nilipokidai. Kidaini na nyinyi. Kijiweni nako wakasema nisivuke spidi arobaini mwezi mzima. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Ukuta wa silinda mpya una mikwaruzo midogo iliyopishana, imewekwa kiwandani makusudi ili ishike oili na kuzisugua ringi za pistoni mpaka zikae sawasawa. Kinachozisukuma ringi zigandamane na ukuta ni presha ya mafuta yanapolipuka. Ukienda kinyonge siku zote presha inakuwa ndogo, ringi hazikai, na baadaye injini inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Ukikamua sana mapema, joto linapanda kabla vyuma havijazoeana, na injini hii inapozwa na upepo tu, haina maji. Joto la Tanga la Februari wenyeji tunalijua.

Kwa hiyo nilikuwa natoka alfajiri kabla jua halijawa kali. Nikishawasha naiacha ingurume kidogo tu, kisha naelekea barabara ya Muheza, maana inapanda na kushuka. Navuta mpaka hamsini, naachia mafuta ishuke yenyewe, navuta tena, huku nikibadilisha gia. Ukiachia hivyo, oili huvutwa juu kwenye ringi na kusafisha vumbi la chuma. Barabara iliyonyooka, kama ya Horohoro, inakushawishi ushikilie spidi moja muda mrefu, niliikwepa. Foleni za Ngamiani pia si mahali pa injini mpya, inachemka bila kupata upepo. Mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja) na mifuko ya saruji nilikataa kabisa, hata kwa ndugu. Na kwenye mlima usiing'ang'anize gia ya nne huku injini inagugumia: shusha gia. Watu wengi wanadhani hapo wanaihurumia, kumbe ndipo wanapoiumiza.

Oili ya kwanza niliimwaga kwenye kilomita 300, bila kusubiri sevisi ya kwanza. Fundi alishangaa, lakini ilipotoka kwenye beseni tuliona chembe za chuma zinang'aa juani. Hilo ni jambo la kawaida kwa injini mpya, ila sikutaka ziendelee kuzunguka humo, kwa sababu oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha injini, gia na klachi. Ndiyo maana msiweke oili ya gari, klachi inaweza kuanza kuteleza. Tafuteni kopo la 20W-50 (hiyo ni namba ya uzito wa oili) lililoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki ambayo klachi yake inakaa ndani ya oili. Ya sintetiki niliiacha kwa muda huo.

Kwenye sevisi fundi alipima tapeti (nafasi za vali), akakaza boliti na cheni, maana cheni mpya hulegea. Tairi mpya nazo huteleza, basi kata kona kwa adabu siku za mwanzo.

Gia zilizokuwa ngumu sasa zinaingia laini, mlio umetulia, na oili haipungui kati ya sevisi na sevisi. Mzigo kamili nilianza kubeba baada ya kilomita 1,000, nikiongeza kidogo kidogo. Siku hizi naipandisha mpaka Amani na ndoo za samaki nyuma, kona zile kali zote kwa gia ya pili na ya tatu, na nikiigusa silensa kwa ndani ikishapoa, ni kavu, haina oili.