Kasri la plastiki la mitumba: angalia mlango, si minara

Ukibahatika kulikuta kwenye mafungu ya mitumba pale Sabasaba au Majengo, masoko ya Dodoma, kasri la kuchezea watoto ni kianzio kizuri mno cha mandhari ya michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Kuta, ngazi na minara viko tayari. Unachobaki nacho ni kuficha uplastiki wake. Ila si kila kasri linafaa.

Nenda na kijisanamu cha mhusika wako mfukoni. Vile vya kipimo cha milimita 28 kwa kawaida husimama kwenye kitako cha milimita 25, na mraba mmoja wa ramani ya mchezo ni inchi 1. Mlango wenye upana wa sm 3 na kimo cha sm 4 hadi 5 umekaa sawa. Ukiwa mrefu zaidi, inua sakafu kwa matabaka ya kadibodi. Ngazi hazirekebishiki kirahisi hivyo: kikanyagio chembamba kuliko sm 2.5 hakibebi kitako, na mhusika ataanguka kila meza ikiguswa.

Kisha geuza kasri utazame chini. Pembetatu yenye namba 5 maana yake ni polipropilini. Inateleza kama iliyopakwa nta, gundi haishiki na rangi inabanduka. Hiyo inataka praima ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, ileile wanayopulizia mafundi wa bampa za magari. Kama huna, iache. Plastiki ya aina ya ABS ni ngumu, inashika supagluu na rangi bila ugomvi. Miti na mazimwi laini ya PVC usiyapulizie spreyi ya kawaida: kemikali zinazolainisha plastiki hiyo huchanganyika na rangi, nayo ikabaki inanata.

Fungua skrubu, toa betri na nyaya, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Piga msasa namba 240 ukiwa umeloweshwa, kwani rangi ya vichezeo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake si la kuvuta.

Sasa ukuta, na hapa usiharakishe. Changanya gundi nyeupe ya mbao, rangi ya maji na mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai, kiasi sawa kwa sawa. Gongagonga kwa brashi kuukuu, usivute. Matabaka mawili membamba yanatosha. Tabaka nene katika hewa kavu ya Dodoma hukauka juu kabla ya ndani, likapasuka. Spreyi nayo ni ya asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Jua likikolea, matone hukaukia hewani, yakitua yanaacha chengachenga.

Kwa rangi, tazama miamba ya matale inayouzunguka mji: kijivu kilichofifia, michirizi myeusi yanaposhukia maji ya mvua, kutu kidogo kwenye nyufa. Anza na kijivu cha kiza. Mwagia kahawia iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa maji 4, ijae nyufani. Ikikauka, pitisha brashi kavu yenye kijivu cheupe kwenye kingo tu.

Kasri la ABS ambalo kitako kinapita mlangoni, lichukue hata kama limepoteza mnara. Pale palipovunjika chongoa kingo kwa msumeno wa kukatia chuma upate gofu. Usitumie kisu cha moto, maana moshi wa ABS una sumu.