Injini ya kutafutia: ipi uiweke kwenye simu, na unailipa kwa kitu gani

Nunua simu mpya leo, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, iwashe, na kisanduku cha kutafutia utakikuta kimeshakaa pale mbele. Hukukichagua wewe. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2022 pekee Google iliwapa Apple dola bilioni 20 ili iwe chaguo la kwanza ndani ya Safari, kivinjari cha iPhone. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kuwa kampuni hiyo imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Hakuna anayetoa hela kama hizo kwa kitu cha bure.

Kinachotafutwa ni maswali yetu, na swali linasema mengi hata bila jina. Agosti 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, walianika maswali kama milioni 20 ya wateja wapatao 650,000. Majina yalikuwa yameondolewa, kila mtu kapewa namba tu. Haikuchukua siku nyingi waandishi wa New York Times wakabisha hodi kwa bibi mmoja wa jimbo la Georgia, wamempata kwa kusoma alichokuwa akitafuta: vidole kufa ganzi, watu wa ukoo wake, mbwa anayekojoa kila mahali.

Hapa nimezipanga injini nne kwa mambo mawili. La kwanza, injini inabaki na nini kukuhusu. La pili ni lile ambalo orodha za Wazungu hazigusi kabisa: je, inajua Kiswahili? Mimi hupima kwa maswali ya nyumbani, kama vile "bei ya mahindi Kibaigwa", "dalili za degedege" na "ratiba ya boti Pemba". Injini ikinijibu kwa kurasa tatu za Kiingereza na moja ya Kiindonesia, faragha yake hainisaidii kitu.

1. Startpage. Ya Uholanzi. Yenyewe haizunguki kwenye wavuti kukusanya kurasa. Inapeleka swali lako Google kwa niaba yako, bila anwani yako ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni), kisha inakuletea majibu. Ni kama kumtuma mtoto dukani: muuza duka anajua kimenunuliwa nini, ila hajui ni cha nani. Iliacha kuhifadhi anwani za IP mwaka 2009. Na kwa kuwa majibu yake mengi yanatoka Google, Kiswahili chake ndicho bora kati ya hizi zote, na ndiyo sababu nimeitanguliza. Kuna pia kitufe cha kufungulia ukurasa kupitia mitambo yao, ili hata tovuti unayoitembelea isikujue. Kinachelewesha kidogo, lakini kwa mambo ya afya nakitumia. Doa lake: mwaka 2019 kampuni ya matangazo ya Marekani, System1, iliingiza fedha humo, na wengi walikunja uso. Mimi nilikunja pia, kisha nikarudi.

2. DuckDuckGo. Rahisi kuliko zote kuanza nayo, maana imo tayari kwenye orodha ya Chrome. Matangazo yapo, lakini yanafuata neno ulilotafuta, hayakufuati wewe: andika "matairi", utaona matairi, ukiondoka yamekwisha. Kitu ninachokipenda ni njia zake za mkato. Andika "!w Mkwawa" na unatua moja kwa moja Wikipedia. Tatizo ni kwamba majibu yake mengi ni ya Bing, injini ya Microsoft, na Bing kwa Kiswahili ni mgonjwa. Mei 2024 Bing ilipozimika, DuckDuckGo nayo ikalala. Usisahau pia kwamba mwaka 2022 kivinjari chao (si injini yenyewe) kilikutwa kinaruhusu vifuatiliaji vya Microsoft kwenye tovuti nyingine kwa sababu ya mkataba. Walibana tundu hilo Agosti mwaka huohuo, baada ya kelele.

3. Brave Search. Ilianza 2021, na tofauti na hizo mbili, ina faharasa yake yenyewe, yaani orodha ya kurasa ilizozikusanya yenyewe. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu haimtegemei mpinzani wake kwa chakula. Kwa maswali ya Kiingereza, hasa ya ufundi na programu, naiona inatosha kabisa. Kwa Kiswahili bado inababaika.

4. Kagi. Hii ndiyo pekee unayoilipia kwa fedha taslimu. Dola 5 kwa mwezi kwa utafutaji 300, dola 10 bila kikomo, na 100 za mwanzo ni za kujaribu. Haina tangazo hata moja, na tovuti inayokukera unaifuta isionekane tena maishani. Kwa mwandishi au mtafiti, sawa. Kwa anayetafuta ratiba ya boti mara mbili kwa wiki, hapana.

Mojeek ya Uingereza ni ya kweli na ina faharasa yake, ila ni ndogo mno kwetu. Bing siipangi.

Na ukibaki Google? Wengi watabaki, sina ugomvi nao. Basi ingia kwenye akaunti yako, tafuta "Shughuli kwenye Wavuti na Programu", uizime, au uiambie ijifute kila baada ya miezi mitatu. Ukiiacha ilivyo, akaunti mpya hukaa na historia miezi 18. Usidanganywe na hali fiche (Incognito) ya Chrome. Inamficha mwenzako anayeazima simu, si Google: mwaka 2024 walikubali mahakamani kuharibu mabilioni ya rekodi za watu waliokuwa humo.

Hata Startpage haimzuii mtandao wako wa simu kujua kwamba umefungua tovuti fulani, wala haikufichi ukishabonyeza kiungo na kuingia.

Kubadilisha ni dakika moja: Chrome, Mipangilio, Mtambo wa kutafuta. Usipoiona Startpage kwenye orodha, nenda kwanza kwenye tovuti yao, tafuta kitu chochote, kisha rudi. Utaikuta chini kabisa.