Chekhov wa kuchekesha: Durang au Posner?

Mwandishi Mrusi Anton Chekhov aliiita tamthilia yake "The Seagull" komedi, lakini ilipofunguliwa St. Petersburg mwaka 1896 ilizomewa. Watunzi wawili wa tamthilia wa Marekani wameamua kumwamini mwenyewe.

"Vanya and Sonia and Masha and Spike" ya Christopher Durang (2012) iko Pennsylvania, kwa ndugu watatu waliopewa majina ya wahusika wa Chekhov. Mapema tu, Sonia anamletea Vanya kahawa. Kumbe Vanya keshajitengenezea. Basi kikombe kinapigwa chini! Baadaye mchezo alioutunga Vanya unasomwa, kijana Spike anachezea simu, na Vanya analipuka, akililia mambo ya zamani, hadi stempu za kulamba kwa ulimi. Hapo ndipo penye utamu wote. Ilichukua Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, mwaka 2013.

Mwaka huohuo Aaron Posner alitoa "Stupid F**king Bird" (ndiyo, ina tusi). Yeye anafuata kisa chenyewe cha "The Seagull", ila wahusika wanajua wamo jukwaani. Con, kijana mtunzi wa michezo, huwaomba watazamaji ushauri wa mapenzi.

Hujamsoma Chekhov? Anza na Durang. Mimi ningerudi kwa Posner: kicheko chake kinachoma.