Koti langu la batiki ya Kihmong, baada ya miezi minane

Nilipigwa kwanza. Duka moja kubwa la nguo hapa Minnesota, Marekani, lilikuwa na koti lenye michoro "ya kikabila", nikatoa dola 70. Kulifua mara mbili tu, michoro ikapauka na kuanza kubanduka, kumbe ilichapwa juu ya poliesta. Lebo haikutaja ilikotoka. Mwenzangu kazini, Mhmong (Wahmong ni watu wa milimani kusini mwa China na Laos), alilitazama kwa muda, kisha akasema, "Hii ni sketi ya bibi yangu." Ndiye aliyenielekeza Hmongtown Marketplace, sokoni kwao St. Paul.

Kibandani nilimkuta bibi mmoja na binti yake. Koti nililochukua, dola 120, ni la jinzi ya kawaida, lakini mgongo mzima umepachikwa vipande vya sketi kuukuu ya marinda. Ni batiki: mistari imechorwa kwa nta ya moto, kwa kalamu yenye ncha ya shaba, halafu kitambaa kikachovywa kwenye nili, rangi ya buluu ya mmea, tena na tena. Ukikishika unahisi uzito wake. Kimefumwa kwa nyuzi za bangi, ile inayolimwa kwa ajili ya nguo na kamba. Juu ya batiki kuna darizi ya misalaba midogo mno. Nililipindua ndani nikitafuta mafundo, sikuona hata moja.

Binti alinipitisha kidole kwenye duara linalojikunja. Konokono, akasema, ndio ukoo wetu, kizazi ndani ya kizazi. Bibi alifika Marekani akitokea kambini Thailand. Baada ya 1975 Wahmong wengi waliikimbia Laos kwa kuvuka mto Mekong, na huko kambini akina mama walishona paj ntaub, yaani kitambaa cha maua, wakawauzia wageni wapate chochote cha kulisha watoto. Tangu nisikie hayo, lile koti la dukani linaniuma zaidi ya pesa nilizopoteza. Mitindo ichanganyike, sawa kabisa. Vijana wa Kihmong wenyewe wanaiweka darizi hii kwenye jinzi na magauni ya harusi, na inapendeza kweli. Ila kunakili kazi ya sindano ya mtu kwa mashine, kisha jina la watu wake lifichwe, hapana.

Kuhusu kulivaa: nili huchuja. Lifue peke yake, kwa mkono, maji baridi. Mara ya kwanza beseni langu liligeuka buluu tupu. Mabega yanabana kidogo, kwa hiyo mwenye mwili achukue saizi ya juu. Kwa baridi ya Novemba linatosha, Januari halitoshi. Uzi haujakatika hata mmoja.

Kwenye mifuko zimeshonewa sarafu nyepesi zinazolia ukitembea, kama zile za mavazi yao ya Mwaka Mpya. Mwanangu akizisikia kwenye ngazi, anafungua mlango kabla sijabisha.